Swali la Mlangoni

"Shangazi, ukimsimamisha mwalimu kwenye simu, yeye huwa anafanya nini?"

Aliyeuliza ni mtoto wa kaka yake, umri wa kung'oka meno. Shangazi alikuwa anapiga pasi sare ya chuo cha uuguzi, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, video ya somo inakwenda. Kidole cha mtoto kikagusa kioo. Mwalimu akaganda, mdomo wazi, kalamu juu ya mchoro wa figo.

"Usinichezee simu," akasema, bila ukali. Tangu amzike mumewe, hata ukali ulikuwa umemwishia. Alikula akipewa.

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Bawabu. Somo alilirekodi wakalitazame nyumbani. Darasani ni kuuliza na kujadiliana. Asubuhi alisimama mlangoni: toa swali, upite. Huna, nenda maktaba. Ukirudishwa mara tatu, unarudia mwaka. Shangazi alikuwa kesharudishwa mara mbili.

"Nimetazama yote, mwalimu."

"Hata paka wangu katazama yote, dada. Umekwama wapi?"

"Sijakwama."

"Basi hata safari hujaianza."

Na kweli alitazama yote, kama mtu atazamavyo mvua dirishani. Sasa picha imeganda, akaiweka pasi pembeni. Mshale mmoja: maji yanatoka kwenye damu. Mwingine: karibu yote yanarudi. Akaikodolea macho mishale ile mpaka pasi ikapoa.

Kesho yake mlangoni, Shangazi akauliza kwa sauti kavu: "Figo inayachuja maji, halafu inayarudisha. Si ingeyaacha tu hukohuko?"

Bawabu akajibana pembeni. "Pita, dada. Leo tuna kazi."

Shangazi hakufurahi. Alipita, akakaa. Ila tangu hapo akawa anasikiliza kidogo, anasimamisha, anajieleza mwenyewe kwa sauti. Ulimi ukigoma, hapo ndipo penye swali. Siku zikajikokota hivyohivyo mpaka akahitimu.

Yule mtoto sasa yuko kidato cha tatu, naye ana masomo ya kwenye simu. Juzi Shangazi alitoka zamu akamkuta anapaka rangi kucha, video inakwenda peke yake. Akanyoosha mkono, akaisimamisha.

"Ah, Shangazi bwana!"

"Si uliniuliza huwa anafanya nini?"

"Mimi? Lini?"

"Ulikuwa kibogoyo." Akavua viatu, akavisukumia chini ya kiti. "Anakusubiri. Mwaka ule, mwanangu, hapakuwa na mwingine wa kunisubiri."