Mbuzi wa Akika na Meno ya Juu

Nacheka sasa, lakini siku ile wallahi nilitamani ardhi ya Shella ipasuke nitumbukie, kisha mnifukie na mchanga juu.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, masomo yameongezeka ghafla na watoto wamechanganyikiwa, nami nikawa nafundisha masomo ya ziada kila Jumamosi kwenye baraza ya Mzee Twahiri, ubao nimeuegemeza ukutani, nimetangaza mtaa mzima kwamba leteni swali lolote, la somo lolote. (Siri yenyewe ni kwamba nilikuwa nimeshapeleka posa kwa bintiye, Mwanaisha, na mzee bado hajanijibu, kwa hiyo nilitaka anione ninavyojua.)

Asubuhi ile nilikuwa moto. Hesabu za visehemu nimezimaliza, mvua za milimani nimezimaliza, moyo una vyumba vingapi nimejibu kabla mtoto hajafunga mdomo. Ndipo Rukia, kitindamimba wa mzee, akauliza swali la Kilimo, somo ambalo mimi sikulisoma hata siku moja: "Mwalimu, umri wa mbuzi wajulikanaje?"

"Kwa meno," nikasema, na hapo ningenyamaza, maana sikujua zaidi ya hilo, lakini Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na uani palikuwa na mbuzi aliyenunuliwa kijijini Ganda kwa akika, sadaka ya kuzaliwa mjukuu wa mzee, maji yako mekoni, wageni wameanza kuingia, basi nikamvuta yule mbuzi hadi barazani mbele ya watu wote, nikampanua mdomo. Chini meno yapo. Juu, pale mbele, ufizi mtupu.

"Huyu ni kizee," nikatangaza. "Meno ya juu yameng'oka yote. Mzee, umeuziwa mbuzi mbovu."

Mzee Twahiri akabadilika rangi, kwa sababu mnyama wa akika hatakiwi kuwa na kasoro, akamwambia mchinjaji asubiri. Jirani akajitolea kumleta mbuzi wake. Nikampanua naye, ufizi. Akaletwa wa tatu, ufizi. Mwenye akili hapo angejishuku, mimi nikapaza sauti kwamba kuna maradhi yameingia mtaani, na mama mmoja akakimbia kwenda kumwaga maziwa aliyokamua alfajiri.

Ndipo akafika bwana mifugo, aliyealikwa kula kama wengine, akaelezwa, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Ndivyo alivyoumbwa. Huyu bado kijana kabisa."

Baraza zima likaangua kicheko, Rukia akaanguka mkekani, Mwanaisha akajifunika uso kwa leso (alikuwa akicheka au akilia, sikuthubutu kuuliza), na mimi bado nimeshika taya la mbuzi.

Mzee hakucheka. Alichukua kamba mkononi mwangu akampa mchinjaji, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ile posa yako, nitakujibu mbuzi huyu akiota meno ya juu."

Kabla ya adhuhuri mbuzi alikuwa chunguni. Mwanaisha aliolewa mbali, huko Lamu, mwaka uliofuata, nami niliapa: mtoto akiniuliza nisilolijua, namwambia sijui, hata awe nani anasikiliza.