Tambara la Mdomo wa Mzinga

Gunvor wa kisiwani kwetu Hällskär, pwani ya magharibi ya Uswidi, usafi kwake ulikuwa ugonjwa. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, msinibishie. Kila Jumamosi alisugua shaba zote: vitasa, birika, hata vinara vya kanisani ambavyo hakuna aliyemtuma avisugue. Uingie kwake na viatu uone!

Basi kaka yake Ragnvald, mpiga mbizi, akakuta chini ya bahari mzinga mdogo wa shaba, wa merikebu za kale kabisa. Akauzamisha kwenye pipa la maji ya chumvi usiharibiwe na hewa, bandani kwa dada yake.

"Usiuguse, Gunvor! Jumatatu anakuja mtaalamu wa makumbusho."

"Niuguse wa nini? Unanuka!"

Lakini mgeni aje aone uchafu kwake? Thubutu! Jumamosi aliusugua mpaka ukawaka. Mdomoni mwake akachokoa tambara jeusi lililooza, akalianika kando ya jiko. Gunvor hatupi kitu.

Jumatatu akaja Tekla, huyo mtaalamu. Alimulika tochi ndani ya mzinga, akachungulia. Tulipokaa mezani, kahawa na biskuti aina saba kama ilivyo ada, ndipo akauliza.

"Hamkukuta kitambaa humu ndani? Mabaharia wa kale walikuwa wakifungia baruti. Tungekipima, tukajua umri. Huenda huu ndio mzinga mkongwe kuliko yote ya merikebu za Ulaya. Bila kitambaa, nitasema nini?"

Ragnvald akamtupia dada yake jicho, akaelewa.

"Nimeusafisha mimi," akasema. "Kiherehere changu tu."

"Wewe, mzamiaji mzima? Huoni haya?"

Ragnvald akainamisha kichwa, mtu aliyeungoja mzinga kama huo maisha yake yote. Jamani, niliona aibu mimi nisiyehusika! Gunvor alikuwa akimimina kahawa. Masikio yalimwiva, kahawa ikamwagika kwenye kitambaa cheupe cha meza. Hakuifuta.

"Mwache kaka yangu," akasema. "Ni mimi."

Tekla akainuka. "Kiko wapi, mama? Hata kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha."

Gunvor alikuwa akiliangalia birika.

"Kuni za leo zilikuwa mbichi. Nimekitumia kuwashia moto wa kahawa hii."

Sote tulikuwa kwenye kikombe cha pili.