Jicho la Mama Nyaboke

Nikiwa msichana mdogo kule Nyacheki, mama zetu walipokwenda kuchuma chai walituacha kwa Mama Nyaboke, mjane aliyepakana nasi. Tulikuwa kundi zima la watoto tukigombania uji wa wimbi nyumbani kwake. Aliyelia alibebwa mgongoni, na wote tuliimbiwa nyimbo za Sabato.

Kisha yakaanza maneno. Mdogo wangu Ombati mafua hayakumwachia. Usiku alikoroma kama mzee, mdomo wazi, na mara nyingine pumzi ilimkatika hata nikamsukuma ili avute hewa tena. Wala si yeye tu. Watoto walioshinda kwa Mama Nyaboke walirudi kwao wakaanza kupiga chafya. Watu wakasema mama yule ana jicho baya, ebibiriria kama tunavyoliita. Akimtazama mtoto, mtoto huugua. Siwacheki hata leo. Walichokiona kilikuwa kweli: watoto waliugua kwake.

Nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Magokoro, alimwonya mama, akimwita kwa jina langu.

"Mama Kerubo, ukiendelea kumpeleka kijana huyu kwa yule mwanamke, utamzika."

Majirani walikuwa wameshawaondoa watoto wao. Magokoro akamvua Ombati shati, akamsugua samli shingoni na kifuani ili vile vichembe vinavyosemekana kunaswa mwilini na jicho baya vitoke, akaamuru asitoke nyumbani. Mama alikubali kwa sharti moja. Ombati akipona kabisa, hatabisha tena. Asipopona, waache kumsema Mama Nyaboke.

Ombati akapata nafuu, akawa anakimbizana na mbwa. Magokoro akatembea kichwa juu. Halafu, bila kuvuka ua, bila mgeni kuja, koo likavimba, pua ikaziba, na kukoroma kukarudi. Mama akamkalisha jikoni mbele ya Magokoro.

"Mama, Mama Nyaboke amemtazama lini?"

Magokoro alichochea moto kwanza. "Basi ugonjwa haukutoka. Ulilala tu ndani yake."

"Kesho namrudisha kwa Mama Nyaboke," mama akasema.

Alitupitisha katikati ya mashamba ya chai asubuhi, wanawake wakiacha kuchuma ili watutazame. "Msiinamishe vichwa," alituambia. Kisha akaenda na Ombati Hospitali ya Kisii, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa tena arudi, naye hakukata tamaa mpaka mtoto akatolewa mafindofindo, yale matezi ya kooni. Baadaye chumba chetu kikawa kimya usiku, hata mimi nikakosa usingizi.

Sasa mwanangu mwenyewe ameanza kukoroma. Daktari alinieleza kwamba baadhi ya virusi vya mafua haviondoki mtoto anapopona. Vinaweza kubaki kwenye mafindofindo na kwenye nyama zilizo nyuma ya pua, mtoto akacheza kama kawaida, huku akiwaambukiza wenzake. Nilimkumbuka Magokoro, marehemu sasa, na jinsi alivyokaribia ukweli pale jikoni. Kule kwa Mama Nyaboke tulikuwa tukiambukizana sisi watoto kwa sisi. Nikaazimia kwamba Mama Nyaboke ataambiwa angali hai.

Likizo ilipofika nikaenda Nyacheki na mtoto. Mama Nyaboke, mkongwe sasa, alikuwa ameketi nje akimenya ndizi. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinama, macho kwenye ndizi.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, Mama."

Kisu kilisimama. "Mimi niliwaamini waliosema. Wajukuu zangu wote, hata mmoja sijamtazama usoni akiwa mchanga. Nyaboke akiniletea mtoto, nasema nina kazi."

Nilikuwa nimekuja nikidhani namletea habari njema. Mama yangu alimtetea mbele ya kijiji kizima, akawazima wengi, lakini nadhani hatukukumbuka hata mara moja kumketisha yeye mwenyewe na kumwambia kwamba hana kosa.

Nikamweka mwanangu mapajani pake. Mama Nyaboke akageuza uso upande wa migomba. Nikasubiri. Mtoto akapiga chafya, naye akashtuka, akataka kunirudishia.

"Mafua haya ametoka nayo Nairobi," nikamwambia. "Mtazame tu, Mama."

Ilichukua muda. Alianza na vidole vya miguu, akapanda taratibu hadi usoni, na alipofika machoni hakuondoka tena.