Nyasi za Paa la Bibi

Jani lake ukilisugua linanuka kama mkojo wa paka dume. Harufu hiyo ilijaa bondeni kwetu Busawe kiangazi kizima, miaka ile ya hamsini, tulipokuwa tunang'oa mti wa maua ya njano na waridi uliokuwa umekimeza kinamasi. Aliyeuleta ni baba yangu mwenyewe. Alitoka na vipande vyake huko Kenya alikokuwa kibarua kwenye mashamba ya wazungu, akavipanda viwe uzio wa kuzuia mbuzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndege wakala matunda yake, wakasambaza mbegu hadi kwenye maji, na nyasi ndefu za kuezekea, zilizoota pale tangu enzi za mababu, zikabaki kijisehemu cha kutia huruma.

Na paa la bibi lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha alihamisha kitanda chake kama mtu anayecheza bao. Mabati yalikuwa ya wenye maduka, na nyasi za mlimani zilikuwa zimemalizwa na ng'ombe. Kuhamia kwetu alikataa kabisa. "Mimi nitafia kwangu," alisema, "na nife mkavu." Basi baba akaitisha risaga, kazi ya kualikana, mama akapika pombe ya mtama, watu wakaja na majembe. "Baba Mwita," mama alimtania mbele ya wote, "mbuzi hawaingii kweli, lakini na sisi hatutoki!"

Kazi yangu, nikiwa na miaka kumi, ilikuwa kubeba visiki vilivyong'olewa hadi juu ya mwamba vikauke. "Bhoke, kikigusa tope kimepona," mama alinionya. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa jikoni. Mapenzi yangu yalikuwa kivuli, kigoda na chungu cha maharage. Safari tatu nilifika mwambani. Zilizobaki nilivitupa nyuma ya mafunjo, nikaketi kwa muda unaomtosha mtu kupanda na kushuka, kisha nikarudi nahema. Kuhema nilikujua sana. Bibi aliniita akanipa maziwa, na mimi nikayanywa.

Masika yakaja, nyasi changa zikachipua, bibi akashuka na fimbo yake akazipapasa kama nywele za kichanga. Wiki chache baadaye visiki vyangu navyo vikachipua, pale pale nilipovitupa, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Nilingoja viboko. Mama hakunigusa, alisema tu, "Kamwambie bibi yako."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikamweleza. Akacheka kidogo. "Kumbe ulihema uongo? Na maziwa yangu ukanywa!"

Kiangazi kilichofuata nyasi, zilizosongwa na machipukizi yale, hazikutosha hata upande mmoja wa paa. Bibi akahamia kwetu, na masika yaliyofuata akafariki. Alikufa mkavu, lakini si kwake.

Siku hizi kijijini ni bati tupu, hata mabanda ya kuku. Mimi, nisiyependa kuvuka kizingiti changu, nimeung'oa mti ule kila kiangazi tangu hapo. Nyasi zimerudi, zinampita mtu kimo, korongo wanataga humo. Wajukuu huniuliza ni za nini. Juzi nilisimama kando yake nikazipima kwa macho: zinatosha nyumba ya bibi mara ishirini, na hakuna hata mmoja kati yetu anayejua tena kuezeka.