Eda ya Chatu

Jirani yangu amenunua chatu. Amemweka sebuleni ndani ya sanduku la kioo, amempa taa, amempa na jina, na sasa anahangaika kwa sababu chatu hataki kula, wiki ya tano hii. Juzi alinijia na simu mkononi, akinionyesha picha za mnyama huyo kana kwamba ni mjukuu wangu. Kuna mtu alimwambia kwamba mimi najua mambo ya nyoka. Nikamwambia: funika sanduku, usimshike, usimtazame, nenda zako. Akauliza nimejifunzia wapi. Nikafunga mlango. Nyoka siwapendi, na wanaowafuga kwa shibe yao siwapendi zaidi.

Nilijifunzia hapahapa Kindu, wakati wa vita, nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alipigwa risasi kwenye barabara ya Kailo akitoka shambani. Hakuna aliyetuambia risasi ilikuwa ya nani, na sisi hatukuwa wajinga wa kuuliza. Mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, chumba cha ndani, mbali na macho ya wanaume. Siku zake alizihesabu kwa mafundo ya kamba. Hajafika fundo la ishirini, kamanda mmoja aliipenda nyumba yetu kwa sababu ya bati zake, akaingia na askari saba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunasema. Huyu siku ya tatu alitupa sisi jembe tukamchimbie choo.

Alikuja na chatu jike ndani ya sanduku la mbao lenye wavu. Alijisifu kwamba msituni aliwakuta wawili, dume akamuua, na ngozi yake ndiyo aliyoivaa kiunoni kama mkanda. Sanduku akaliweka chumbani mwa mama, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye kufuli. Kwa hiyo aliingia humo kila siku, bila hodi, na kila siku mama aligeukia ukuta akajifunika mpaka kichwa. Siku moja akamwambia mbele yangu kwamba anaheshimu dini za watu, atangoja. Eda ikiisha, atamchukua awe mke wake.

Chatu akawa hali chochote. Kuku wa watu waliletwa wakiwa wamenyang'anywa, wakatiwa ndani ya sanduku wakiwa hai, wakatoka wakiwa hai, wakaliwa na askari. Sisi tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi huku harufu ya mchuzi ikituingia puani. Mimi nilifurahi chatu anakonda. Kila nilipopita nililipiga sanduku teke. Nilitaka afe, nikidhani akifa kamanda naye ataondoka.

Kumbe sivyo. Kamanda aliona mbavu za nyoka wake zimeanza kujitokeza, akasimama mlangoni.

"Mama, nyoka yangu akikufa, eda yako njo imeisha siku ileile. Unasikia?"

"Nasikia," mama akauambia ukuta.

Tangu hapo niliacha mateke, na usiku nilimwombea nyoka uzima. Nilimwombea nyoka! Hasira ya sala zile ninayo mpaka leo.

Mama ndiye aliyeona tatizo, maana walilala chumba kimoja. Kila jioni kamanda alimtoa chatu, akajizungushia shingoni askari wamwone, akamrudisha. Na kila akirudishwa alijikunja, akaficha kichwa, asijongee mpaka kesho yake. Mama naye alikuwa amekonda, sahani zake nilizitoa chakula kikiwa kimebaki nusu.

"Mie mwenyewe chakula haipite hapa kwa koo muntu akiniangalia," aliniambia. "Sasa yeye atakula namna gani?"

Kamanda alipoingia tena, mama alizungumza naye kwa mara ya kwanza bila kuulizwa.

"Bwana yake ulimuua weye. Huyu iko mufiwa. Iko mu eda."

Askari mmoja akacheka. Kamanda hakucheka. Alikuwa na hirizi mbili mkononi na hofu ya kila jambo asilolijua.

"Eda ya nyoka?"

"Unaona anakula? Unaona anataka kushikwa na mwanaume? Umufunike, usimushike, usimuangalie. Mutoto wangu njo atamutilia kuku."

"Siku ngapi?"

"Sawa na zangu. Miezi mine na siku kumi, kuanzia leo." Kisha akaongeza: "Na wafiwa wawili mu chumba kimoja, wa kwanza anamungojea wa pili. Njo sheria."

Hakuna sheria kama hiyo. Nilisoma madrasa, nilijua. Mama, ambaye hakuwahi kudanganya hata bei ya ndizi, alikuwa amemsingizia Mungu sheria, na mafundo yake yalikuwa yamefika tisini. Kamanda akashika mkanda wake, akauachia.

"Sawa," akasema.

Tukafunika sanduku kwa mkeka. Kila jioni nilimtia kuku mdogo, nikatoka bila kutazama. Siku kumi na moja kuku alikuwa hai asubuhi. Ya kumi na mbili hakuwepo, na chatu alikuwa na uvimbe katikati ya mwili. Mama akasema alhamdulillahi, akalia kwa sauti, yeye ambaye hata baba hakumlilia hivyo. Nilimchukia yule nyoka kwa machozi yale kuliko kwa lolote lingine.

Kamanda alitimiza neno, hakumgusa nyoka wala mama. Mafundo yalipopita mia mbili kidogo, amri ikaja kwao ghafla, wakapanda lori kuelekea Pangi, sanduku juu ya magunia. Nikamkimbilia mama nimwambie avue nyeupe, atoke, yameisha. Alikataa.

"Nilisema njo sheria ya Mungu. Nitaimaliza, isikuwe uongo."

Akazikalia siku zilizobaki peke yake, nyumba ikiwa tupu, fundo kwa fundo. Siku ya mwisho alioga, akavaa kikwembe alichonunuliwa na baba, tukaenda sokoni kutafuta sabuni. Eda imewekwa ili ijulikane kama mjane ana mimba, na kila mwanamke wa mtaa wetu anajua hesabu yake ni miezi minne na siku kumi. Ya mama ilikwenda miezi saba na zaidi, ndani ya nyumba yenye askari. Walikuwepo wote, aliosali nao, aliowazalisha. Mama akawasalimia mmoja mmoja, na wao wakaitikia wakimtazama tumbo.