Inzi Kwenye Taya la Trauti

Kila kiangazi, mto wa mlimani ulipopungua na kuwa mwangavu, yule mjane alisogeza meza yake dirishani akaanza kufunga inzi. Si inzi wa jalalani. Ni wa manyoya na uzi, hufungwa juu ya ndoana ndogo ili samaki aitwaye trauti adhani mdudu ameangukia majini. Wageni wa nyumba ya wavuvi walimwita Mama Manyoya. Mumewe alikuwa akiwaongoza wageni hao mtoni, hadi kiangazi cha mwaka juzi mto ulipomchukua na usimrudishe. Wengine walishamlia wakamaliza; yeye alimngoja.

Kazi alifundishwa na mumewe, wakiwa wamekaa uso kwa uso. Akamwiga kama mtu aigavyo kioo, na hivyo uzi wake ukazunguka kinyume na wa mume. Walilicheka sana kosa hilo, wala hakulirekebisha.

"Mama Manyoya, njoo uone!" mpishi wa nyumba hiyo alimwita asubuhi moja, kisu mkononi. "Huyu samaki kaja na kipini chake!"

Inzi mdogo alining'inia kwenye taya la trauti. Mjane alimchomoa, akamsuuza, akamtazama mwangani. Uzi ulizunguka kama wa mumewe, na wekundu wake haukuwa umepauka hata kidogo, kama uliofungwa jana.

"Vipi, umeona jini?" Mpishi alicheka, kisha akauona uso wake, akaweka kisu chini.

Samaki yule alivuliwa kwenye bwawa la chini ya maporomoko. Mjane alipanda huko na aproni yake kiunoni. Maji yalikuwa meusi, yametulia kando ya mwamba. Aliita jina la mumewe, maporomoko yakalimeza. Akaingia majini, akaita tena.

"Shemeji, toka humo! Unataka tukupoteze na wewe?" Sauti ilikuwa ya mdogo wa mumewe, aliyeshika kazi ya kaka yake.

"Yuko hai." Alimwonyesha yule inzi. "Nani mwingine anazungusha uzi hivi?"

Shemeji alimshika mkono, akamvuta ukingoni. "Mimi. Wewe ulikaa mbele yake. Mimi alinifundisha nikiwa ubavuni pake."

"Na ukanificha?"

"Nikifunga, naona vidole vyake, sivyo vyangu. Niliogopa na wewe utaviona."

Waliteremka hadi nyumbani. Dirishani, mjane akamvutia kiti, akabana ndoana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani.

"Funga."

"Shemeji, tafadhali..."

"Nimesema funga."

Uzi ukaanza kuzunguka. Mjane hakumtazama usoni. Alitazama kidole gumba kikibana, kile cha shahada kikinyooka, kiganja kikigeuka kivivu kama mtu ajigeuzaye kitandani. Nywele zilimsimama, lakini hakuondoa macho.

"Marehemu," alisema, kwa mara ya kwanza tangu mto umchukue, "alikuwa akikaza zaidi hapo shingoni mwa inzi."

"Ndiyo, shemeji."

Akabana ndoana nyingine.

"Haya. Funga tena."