Kitabu cha Relini

Kila Novemba sisi Wakatoliki huandika majina ya marehemu wetu kwenye karatasi na kuyatia katika kisanduku mbele ya altare, ili waombewe mwezi mzima. Mama yangu hajawahi kukosa. Na tangu nilipojua kusoma nimemwona akiruka mstari wa kwanza. Huanzia wa pili: baba yake, mama yake, nyanya yangu mzaa baba, na tangu tulipofiwa, mume wake. Mstari wa juu huuacha mtupu, kisha huikunja karatasi.

Mwaka huu hakuandika chochote. Nilimkuta nyumbani kwake Mowlem, anakoishi na dada yangu mdogo, karatasi iko mezani na kalamu juu yake. Akaniambia nikae. Nilidhani ni mambo ya dawa zake za presha.

"Nitafutie jina la mtoto wangu," akasema. "Mimi nimezeeka. Sitaki kufika huko nianze kumuuliza mwanangu anaitwa nani."

Hapo, rafiki yangu, sina budi kukurudisha Kaloleni, hapa hapa Nairobi, maana huko ndiko tulikozaliwa sote. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile za mawe zenye paa la vigae vyekundu, na mlango wake wa nyuma ulitazama bomba la maji la safu nzima. Tuliamshwa na king'ora cha karakana kabla jua halijachomoza vizuri. Baba alikunywa chai akiwa amesimama, nasi tukabaki na kazi zetu: kaka yangu mkubwa kuteka maji, mimi kuchambua visamaki vya omena, na mdogo wetu kulia hadi apewe kitu. Mpaka leo nikinusa omena zikikaangwa kwa nyanya na kitunguu huwa naona vidole vyangu vya utotoni vimeng'aa magamba. Jumamosi tulisugua sakafu kwa magoti mpaka nyanya, aliyekaa kwenye kigoda chake akichuma mboga za kunde, aseme sasa inatosha, hata mgeni akija atapata pa kukanyaga.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni. Giza likikaribia, tukiwa uwanjani karibu na ukumbi wa mtaa, akina mama walitoka milangoni kutuita. Palikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika na hakuna aliyeuvunja. Mama aliita watoto wake kwa kufuata kuzaliwa, mkubwa kwanza hadi kitinda mimba, na wewe hukuitika mpaka zamu yako ifike. Mtaa mzima ulijua orodha ya kila nyumba. Ungeweza kumtambua mama kwa mfuatano wa majina tu, hata kama humwoni. Nyumbani kwetu nilikuwa wa pili, na nilijivunia nafasi hiyo kana kwamba nimeifanyia mtihani.

Mama yetu peke yake alikuwa na kasoro. Alitoka mlangoni, akafungua kinywa, halafu akanyamaza. Kidogo tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ndipo akamwita kaka. Watoto wenzetu walituchokoza kwamba mama yetu lazima ameze mate kwanza, na sisi wenyewe tulimwiga na kucheka hadi tukashika mbavu. Ninaona haya kukuambia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuja kujua sababu baada ya kuzaa mtoto wangu wa kwanza. Mama alikuja kunikanda, na siku moja akiwa ananimiminia uji akaniambia kwamba kaka yangu si kifungua mimba. Kabla yake alizaliwa msichana, humo humo nyumbani Kaloleni, na mama akavuja damu nyingi hata baba akamkimbiza hospitalini. Mtoto akabaki na nyanya. Siku ya pili akaanza kulegea. Nyanya alipoona padri hatawahi, alichota maji bombani kwa kikombe cha bati akambatiza mwenyewe pale jikoni, kwani kanisa linamruhusu mtu yeyote kufanya hivyo mauti yakiwa mlangoni. Akampa jina, na baada ya maziko akaenda kumwambia katekista aliandike kitabuni.

Mama aliporudi nyumbani yote yalikuwa yamekwisha. Wazee wa kwao walishikilia kwamba mama mwenye kidonda kibichi hatajiwi jina la mtoto aliyeondoka, mpaka azae mwingine, asije akawa analiita usiku na mchana. Basi wakangoja. Kaka akazaliwa, nami nikazaliwa, na aliyetakiwa kusema hakusema. Baba hakulijua, alikuwa hospitalini. Mama naye hakuthubutu kumhoji mama mkwe wake. Alijaribu mara moja tu, na nyanya akamjibu kwamba jina liko salama kitabuni. Miaka ikapita, nyanya akafariki kijijini kwao, magharibi mwa Kenya, akazikwa nalo. Nilimpenda nyanya yangu sana, lakini kwa hili nimemkasirikia, na sitajifanya kwamba sikumkasirikia.

Kwa hiyo nikaanza kukitafuta hicho kitabu.

Ukiwa hujui Eastlands utadhani ni kazi ya asubuhi moja. Mtu alibatizwa Kaloleni, nenda Kaloleni. Lakini nyumba yetu, ambayo haijasogea hata inchi moja, imehama parokia mara tatu. Mwanzoni tulikuwa kigango tu, kikanisa kinachotembelewa na padri wa mbali. Kisha watu wakaongezeka, kigango kikawa parokia, na mpaka ukawa mtaro. Kisha parokia ikazaa nyingine na mpaka ukawa barabara. Mara ya tatu sijui aliyeuchora mpaka alishika kalamu kwa mkono upi, maana safu yetu ilikatwa katikati na majirani waliochangia chumvi moja wakajikuta wanasali mbali mbali. Majina nayo hayakukaa. Pale nyanya alipopaita Bondeni, sisi tulipaita Bombani, na siku hizi vijana wana jina lao ambalo nikilitamka wananicheka.

Ofisi ya kwanza, sekretari msichana mpole alitafuta kwenye kompyuta, akaniambia nyumba zile siku hizi ziko upande mwingine. Ofisi ya pili waliniambia vitabu vyao vinaanza siku parokia ilipozaliwa, na ya kabla ya hapo niwaulize waliowazaa. Waliowazaa walikuwa wale wa kwanza. Nikarudi, nikaomba wanitafutie chini ya Kaloleni, mwaka hadi mwaka. Sekretari akafungua vitabu vikongwe vyenye harufu ya mende na karatasi mbichi. Kaka yangu yumo. Mimi nimo, nimeandikwa kwa wino wa buluu. Kabla yetu hakuna mtu.

Siku ile nilitoka nikiwa nimekata tamaa, na miguu ikanipeleka yenyewe kwenye nyumba yetu. Vigae vingine vimeanguka na mahali pake pamezibwa kwa mabati. Uwanja umejengwa vibanda mpaka ukumbi unaonekana kwa shida. Mlangoni kwetu alikaa binti mmoja akisuka nywele za mwenzake.

"Niaje mathe, unatafuta nani?" akaniuliza.

Nikamwambia nilizaliwa mle ndani. Akanitazama kwa mashaka kidogo, kisha akainuka akanipa kiti chake.

"Hii keja? Ebu ingia ucheki basi, mathe. Hakuna noma."

Niliingia mpaka jikoni. Ni dogo kuliko nilivyolikumbuka. Nilisimama nikifikiri kwamba hapa ndipo nyanya alipoinamia kile kichanga na kikombe chake cha bati, peke yake, na kwa mara ya kwanza hasira ikanipungua. Alikuwa amebaki na mtoto wa mwanawe mikononi na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Wakati huo huo treni ikalia kule nyuma ya Makongeni. Na hapo nikasikia sauti yake, wazi kabisa, vile alivyokuwa akituambia kila Jumapili akijifunga leso: "Haya, twende Relini."

Nyanya hakuwahi kusema twende kanisani. Nikiwa mdogo lilinishangaza sana, maana tulipotoka nyumbani tuliipa reli mgongo. Siku moja nilimuuliza, akanieleza kwamba alipofika Nairobi misa ilisomwa katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Kanisa lilipojengwa kwingine, wao waliohamia wakahama na jina lao. Kisha akaniambia nifumbe mdomo, vumbi litaingia.

Nikarudi ofisini karibu nikikimbia, kwa umri wangu huu. Sekretari alisema hajawahi kusikia parokia wala kigango cha jina hilo. Lakini kulikuwa na mama mmoja akipanga maua kwenye ndoo za altare, mtu wa rika langu, naye akageuka.

"Relini si ndio sisi," akasema. "Mama yangu alipaita hivyo mpaka alipokufa. Angalieni kabati la nguo za altare."

Kilikuwa chini ya kanzu za watumishi, kitabu chembamba chenye jalada jeusi. Majina ya mitaa humo yalikuwa mageni kwa yule sekretari, lakini mimi niliyasoma nikimsikia nyanya akiyataja moja moja. Nilipofika kwenye jina la baba yangu nikasimamisha kidole. Mwandiko wa katekista ulikuwa wa kuinama upande. Mtoto wa kike. Mahali, nyumbani, jikoni. Aliyebatiza, bibi yake. Pembeni ameweka msalaba mdogo. Nikasoma jina, kisha nikamwomba yule mama wa maua anisomee na yeye, nisije nikaharibu kwa macho yangu yaliyojaa machozi.

Nilifika Mowlem jioni. Mama alinitazama usoni. Nilimwandikia kwenye ile karatasi, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, nikamsogezea. Alikaa nayo muda mrefu akilipitia jina kwa kidole. Dada yangu akazima jiko, akaja kusimama nasi.

Nimefikiri sana tangu siku ile kuhusu vilivyopotea. Uwanja wetu umekwenda, na king'ora, na Bondeni na Bombani. Siku hizi mtoto anapigiwa simu, na hakuna ajuaye orodha ya nyumba ya jirani. Haya yananiuma, sikufichi. Lakini yanaweza kusimuliwa, kama ninavyokusimulia wewe. Kilichomuuma mama yangu ni kwamba alikuwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe hakuweza hata kumsimulia.

Akainuka, akashika ukuta mpaka mlangoni. Nje watoto wa majirani wa ploti walikuwa wanacheza, na jua lilikuwa linaelekea kuzama nyuma ya maghorofa. Nilidhani anataka hewa. Alisimama kizingitini kama alivyosimama Kaloleni, akafungua kinywa, na safari hii hakunyamaza.

"Felista!" akaita, kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. "Felista!"

Watoto wakaacha mpira wakamtazama. Alingoja kidogo, muda ambao mtoto angehitaji kuitika. Kisha akamwita kaka yangu, aliye mbali kazini. Kisha mimi, niliyekuwa wa pili maisha yangu yote, nikaitwa wa tatu.

Nikaitika.